Ukuta wa Vioo

Ondiek alipoingia kwenye karakana ya akina mama washonaji kule Nakawa, saa tisa alasiri, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa magunia. Walikuwa wameuziba kwa magunia na vitenge vikuukuu ule ukuta wa vioo alioubuni yeye mwenyewe, ukuta uliompatia sifa kwa wasanifu majengo wenzake. Joto la mle ndani lilimpokea kama la tanuri.

"Karibu, Injinia," alisema Bibiane, mama wa Kikongo aliyewaongoza washonaji. "Utusamehe. Tumeharibu nyumba yako."

Ondiek alikuwa amekuja kwa sababu ya Acayo, mshonaji ambaye juma lililopita alizidiwa na joto, akaangukia pasi ya moto na kuungua mkono hadi kiwiko.

"Kosa ni letu tu," Bibiane aliendelea. "Hatujazoea majumba ya kisasa."

Hapo ndipo Ondiek alipochomwa moyoni. Kabla msingi haujachimbwa, mama huyuhuyu alimweleza kwamba jua la alasiri hupiga upande ule, akaomba matofali ya kuchoma, yaachiwe matundu ya kupitisha hewa. Ondiek aliitikia kwa adabu, akaenda zake kuchora vioo. Matofali aliyaona ya kishamba. Picha ya jengo la namna hiyo ingependeza vipi?

"Mama Bibiane, uliniambia," alisema Ondiek. "Nilikusikia vizuri, nikapuuza. Kosa si lenu."

Vyerehani vilinyamaza kimoja kimoja. Acayo, mkono umefungwa bendeji, alikuwa akichambua vifungo pembeni. Akainua uso.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

Acayo akarudia vifungo vyake.

Ondiek alivua koti, akakaa kwenye benchi karibu na vioo mpaka jua lilipozama, shati limemganda mgongoni. Kesho yake alirudi na mwashi, akampa Bibiane penseli. "Nionyeshe matundu yakae wapi."

Baada ya miezi miwili ukuta wa matofali ulisimama, upepo ukapita. Akina mama walimpigia vigelegele. Acayo hakuwepo, alikuwa ameacha kushona, sasa anauza nyanya sokoni. Ondiek akamfuata huko, akaomba radhi kwa kirefu. Acayo alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia, Injinia," alisema, kisha akamgeukia mteja.