Herufi ya Mwisho Kwenye Lebo

Magereza ya jimbo lile hayakuwa na ubahili wa wino. Wakili Rosalind Peake aliomba karatasi za dawa ambayo mteja wake aliyehukumiwa kifo, Curtis Bohannon, angechomwa sindano siku ya Alhamisi ili afe. Zilipomfikia zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Sheria iliruhusu kuficha jina la aliyetengeneza dawa, basi. Wao wakaficha na tarehe, na kiasi, na hata anwani ya gereza, ambalo lina bango kubwa barabarani.

Ndipo Rosalind akamtafuta Bi Verlene Stucky. Bi Verlene alikuwa mfamasia mstaafu wa miaka sabini na miwili, na hakuna daktari wa wilaya ile ambaye hakuwahi kusutwa naye kwa mwandiko mbaya. Jumanne asubuhi wakaenda pamoja ofisi ya magereza, maana kila raia ana haki ya kuangalia nyaraka za serikali kwa macho yake, palepale mbele ya karani.

Karani Hoyt akawasukumia picha ya lebo ya chupa. "Haya mama, mkipata cha kusoma humo, mniite na mimi nisome."

"Mwanangu, nimesoma mwandiko wa madaktari miaka arobaini. Wino wako huu ni mchezo wa watoto."

Tarehe ilikuwa imefunikwa kabisa. Lakini chini kabisa, aliyeshika kalamu ya wino aliiacha namba ya toleo, kwa kuwa kwake namba ni namba tu: 0312-02V. Bi Verlene aliisoma kama mtu anavyosoma jina la mtaa wake. Mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili, mchanganyiko wa pili wa siku hiyo. Na leo ni tarehe nne Juni. Dawa kama hii, iliyochanganywa kwa mkono, hata igandishwe haivuki siku arobaini na tano. Ikiingia mshipani ikiwa imeharibika, inaweza kumuunguza mtu huku yuko macho.

Kisha akaiona ile V, akaacha kusoma. Aliianzisha mwenyewe, V ya Verlene, ili michanganyiko yake isichanganyike na ya marehemu mumewe. Duka lao la dawa alimwachia mwanawe Garland miaka sita iliyopita. Alidhani kijana alishaibadilisha zamani.

"Vipi, Bi Verlene?" Rosalind akauliza.

"Tarehe ninayo. Kesho kesi ikisikilizwa, niite shahidi."

Saa sita mchana alikuwa amesimama dukani.

"Mama! Umekula?"

"Sijaja kula. Ya tarehe kumi na mbili Machi ulimpa nani?"

Garland akaweka chini kijiko cha kuhesabia vidonge. "Mama, sheria imenificha."

"Imeficha jina lako. Siku haikuzificha. Unajua imekwisha?"

"Walisema wataitumia Aprili. Wakaahirisha. Hawakuniuliza tena."

"Na wewe hukuuliza."

"Ukisema, watu watalisusa duka. Duka lako, Mama!"

"Ndiyo maana nitasema. Nilikufundisha nini kuhusu dawa iliyopita siku?"

"Inamwagwa."

"Hata mgonjwa akiwa nani?"

Mama mtu akachukua mkoba wake. Alimpenda kijana huyu kuliko kitu chochote, na alikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumchapa palepale mbele ya wateja. "Wakiniuliza nimejuaje, nitajibu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Una jioni nzima ya kujiandaa."

Jumatano, Bi Verlene alipomaliza kuieleza mahakama ile namba, wakili wa serikali alimsogelea kizimbani akitabasamu. "Mama Stucky, kila duka lina namna yake ya kuandika namba. Hili jina lake limefichwa kisheria. Kwa hiyo unabahatisha tu, siyo?"

"Sibahatishi, bwana. Hiyo V ni Verlene. Mwanangu aliiacha kwa heshima yangu, na mimi sitakubali jina langu liingie kwenye mshipa wa mtu pamoja na dawa mbovu."

Jaji akamgeukia wakili wa serikali. "Dawa hii ina siku ngapi?"

Wakili akafunua karatasi moja, akafunua ya pili. Nakala aliyopewa na magereza ilikuwa na wino uleule. "Mheshimiwa, mimi... sina taarifa hiyo."

"Themanini na tano, Mheshimiwa," sauti ikatoka kiti cha nyuma. Garland alikuwa amesimama, na koti lake jeupe la dukani mwilini. "Niliichanganya mimi."

Jaji akaandika amri palepale: Alhamisi hakuna atakayechomwa sindano. Rosalind akafunika uso kwa viganja, akalia.

Bi Verlene akashuka kizimbani, akamfikia mwanawe, akamnyoosha ukosi wa koti.

"Na chupa za Machi zilizobaki dukani?"

"Nilizimwaga jana, Mama, ulipotoka tu."