Tarehe ya Gashe Worku

Dk. Zenebech hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha seva, kwenye maabara yetu ya Piassa, Addis Ababa, akasema: "Fikirte, wezi wa mtandao wameshafunga maabara mbili mjini kwa kupitia tundu jipya la usalama kwenye programu za seva. Mashine ambayo haijazibwa hadi saa sita, naichomoa. Na anayeitunza anaondoka nayo."

Anayeitunza ni mimi. Tena ni mimi niliyemwapia kwamba seva yangu ya Linux inajisasisha yenyewe kila alfajiri. Kumbe wiki nzima haijasasisha kitu!

Ilikuwa saa nne na nusu. Nilitazama diski: nafasi tele. Mtandao upo. Ratiba ya masasisho ilikuwa ikiamka kila alfajiri bila kukosa, inajaribu, inashindwa, inalala. Nikaizima mashine na kuiwasha upya, dawa ya mtu aliyeishiwa maarifa, nikapoteza dakika ishirini bure.

Gashe Worku, karani wetu wa majibu ya wagonjwa, ambaye sote tulimwita Gashe kwa heshima ya uzee wake, akaniletea kahawa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu.

"Kunywa, mwanangu. Mashine haina miguu, haikimbii."

"Gashe, tafadhali. Leo maji yako shingoni."

Saa tano na robo ndipo nilipofanya nililopaswa kuanza nalo: kusoma kumbukumbu za makosa mstari kwa mstari, niache kubahatisha. Mstari mmoja ulisema orodha ya masasisho imekataliwa, kwa kuwa haitaanza kutumika hadi ipite miaka saba na miezi minane.

Miaka saba! Nikaiuliza mashine leo ni lini. Ikajibu: tarehe 12, mwezi wa pili, 2017. Nikageukia kalenda ya ukutani. Tikimt, mwezi wetu wa pili, tarehe 12, 2017. Mtu alikuwa ameipa seva tarehe yetu ya Kihabeshi, ambayo iko nyuma ya ile ya kizungu kwa miaka saba na miezi, nayo ikaamini kwamba orodha ya leo imetoka miaka ijayo.

"Gashe! Nani kagusa saa ya hii mashine?"

"Mimi." Aliweka sinia chini. "Kina mama wanasoma tarehe ya kizungu kwenye majibu, wanarudi siku siyo. Nilikuomba mara tatu, ukaniambia kesho, kesho. Nikibadilisha inajirudisha yenyewe, basi nikauzima ule upatanishi wa saa na mtandao. Kwani nimeharibu?"

Nilirekebisha tarehe, nikawasha upatanishi, nikaamuru masasisho yaanze. Saa sita kasoro dakika nne tundu likazibwa, nikapumua.

Dk. Zenebech aliingia. "Ilikuwa nini?"

"Saa, daktari. Ilikuwa nyuma."

"Nani aliirudisha nyuma?"

Nilijua la kusema. Kwamba neno la siri nilimpa mimi mwenyewe, ili nisisumbuliwe Jumamosi. Kwamba mzee wa watu aliniomba mara tatu nikampuuza. Nikainamia kibodi.

"Ni mimi," akasema Gashe Worku.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshakusanya vitu vyake. Nilinyamaza hadi mlango ukafungwa, na aibu ile sijui nitaipeleka wapi.

Jumatatu niliweka tarehe ya Kihabeshi kwenye karatasi za majibu, bila kuigusa saa. Ilinichukua dakika kumi na tano.