Springi ya Okinyi

Milango minne ilijifunga kwa mpigo mmoja, ta!, na Rachael akacheka kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Akabonyeza rimoti tena. Ta! Ikafunguka. Watu wote waliokuwa bandani wakageuza vichwa, isipokuwa Khaemba. Yeye aliinamia betri aliyokwisha kuipima, akaipima tena.

Gari lile alilijua waya kwa waya. Kwa miaka tisa Rachael, muuza samaki wa Dunga, hakuwa amelipeleka kwa fundi mwingine. Na kwa miezi mitatu Khaemba alikuwa akimwimbia wimbo mmoja: mota za loki za milango zimechoka, tafuta mpya. Mpya hazikupatikana Kisumu nzima, na zile za mitumba zilidumu wiki mbili zikachoka nazo. Kisha leo, Khaemba akiwa ametoka kwenda kununua waya, Okinyi alifungua mlango mmoja, akachungulia ndani, akasema, "Mota haina kosa. Imeachiwa kazi peke yake."

Okinyi, kati ya watu wote! Okinyi wa viti, bawaba na vitasa, asiyejua chanya wala hasi ya betri. Walikuwa wamegawana banda hilo la Kibuye kwa miaka kumi na mmoja. Khaemba alikuwa na cheti cha ufundi wa umeme, kimetundikwa ukutani ndani ya nailoni. Okinyi alikuwa na nyundo na mluzi.

"Mota hii ni kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani," Okinyi alikuwa akimweleza Rachael. "Mwanzoni ana nguvu. Akikaribia kileleni pumzi zinamwishia, na maji ya samaki wako yametia vyuma kutu. Basi springi yangu inamngoja njiani. Akivuka katikati tu, inampokea na kumalizia safari."

Springi yenyewe, moja kwa kila mlango, aliisokota kwa waya mgumu juu ya msumari. Haikuzidi urefu wa kidole.

Rachael alimgeukia Khaemba. Hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililouma. "Bwana Khaemba, miezi yote hii hukuliona hili?"

"Hicho ni kiraka tu, Mama," akajibu. "Kiraka hakiwi nguo."

Lakini kiraka kilivuma. Haukupita mwezi, madereva wa teksi, walimu, hata mchungaji mmoja wa Katito, walikuwa wakifika bandani na swali moja: "Fundi wa springi yuko wapi?" Walimuuliza Khaemba mwenyewe, naye akawaelekeza kwa kidevu. Nyumbani, mkewe Nasipwondi alimwambia kwamba Okinyi ametajwa kanisani kama mfano wa mtu anayetumia kipaji alichopewa. Usiku ule Khaemba alisema chakula kina chumvi nyingi.

Husuda haikumjia kwa kishindo. Ilimwingia kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia mashuani kwa tundu lisiloonekana, na alipokuja kushtuka miguu ilikuwa imekwisha kulowa. Kibaya zaidi, Okinyi hakubadilika. Mchana aliendelea kumega ugali wake na kumsukumia Khaemba sahani ya dagaa wa omena. "Kula, omera, ndugu yangu. Leo umenyamaza sana." Angejivuna, Khaemba angepata pa kumchukia. Hakujivuna, ikabidi amchukie bure.

Siku moja Okinyi akiwa Usenge kwenye mazishi ya shangazi yake, Rachael alileta gari. Kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kilikataa kupanda. Khaemba alifungua ubao wa ndani wa mlango, na pale chini ya waya zake akaiona springi. Aliusukuma wenzo wa loki kwa kidole, polepole. Ulipofika katikati, wenzo ulimponyoka ukajirukia wenyewe hadi mwisho. Akaurudisha. Akajaribu tena, na tena, mara nane au tisa. Ilikuwa kazi nzuri. Alitamani kwa moyo wake wote iwe mbaya, na ilikuwa nzuri.

Akachukua koleo, akaikunjua kidogo ile ncha iliyoshika tundu. Hakuivunja. Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye, mara nyingi: sikuivunja. Kisha akatengeneza kioo, akarudisha ubao, na Rachael akamshukuru.

Alhamisi iliyofuata Rachael alikuwa akimrudisha mama yake kutoka kliniki. Mama Dorca alikuwa amepooza upande wa kulia, naye aliketi nyuma, ameegemea mlango wa kushoto. Walipofika Katito, Rachael alisimama kununua ndizi, akafunga milango kwa mazoea. Aliporudi, jua la saa saba limeshika, mama analowa jasho, na mlango ule mmoja ukakataa katakata kufunguka. Wanaume wawili wa sokoni waliingia kwa mlango wa pili wakamvuta mama wa watu juu ya kiti. Walikuwa na nia njema na haraka nyingi. Bega lake la kushoto likateguka. Ulikuwa ndio mkono pekee uliobaki kumlisha.

Kesho yake Rachael alifika bandani, sauti yake ikitangulia. "Okinyi! Njoo uione springi yako!"

Okinyi aliweka nyundo chini. Alifungua ubao, akapapasa chini kabisa ya mlango, akaitoa springi. Akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye ncha palikuwa na alama za meno ya koleo, na Khaemba, aliyesimama hatua tatu nyuma yake, aliziona. Alingoja jina lake litajwe. Okinyi aliipapasa ncha ile kwa kidole gumba, akaitia springi mfukoni mwa shati.

"Kazi ni yangu, Mama," alisema. "Nisamehe."

Wateja walikatika kama mvua. Waliomtafuta fundi wa springi sasa walimtafuta Khaemba, wakimwambia walijua tangu mwanzo kwamba umeme si jambo la kubahatisha. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakikumezeka. Upande wa pili wa banda mluzi ulikuwa umenyamaza. Khaemba alijikuta akimwonea mwenzake wivu mpya, mbaya kuliko ule wa kwanza: wa mtu anayeweza kubeba kosa lisilo lake na bado akaja kazini asubuhi.

Jumapili moja alikwenda Dunga. Alimkuta Rachael akimlisha mama yake samaki, akimchambulia miiba kwa vidole. Alikiri alichoifanyia springi akiwa mlangoni, amesimama, kabla ushujaa haujamtoka. Rachael aliweka sahani chini, akafungua mdomo, lakini Mama Dorca akamtangulia.

"Okinyi anajua?"

"Nadhani anajua, Mama."

"Umemwambia?"

"Bado."

Bega la Mama Dorca lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe. "Basi sisi umetupitia tu njiani," alisema. "Rachael, nipe chakula, kinapoa."

Hakuna aliyemkaribisha kuketi, wala aliyemfukuza.

Jumatatu alifika bandani mapema, akamkuta Okinyi amekwisha kufika, anang'ang'ana na mlango wa pikapu uliotolewa bawaba zote.

"Okinyi," akaita.

Okinyi hakuinua kichwa. "Nishikie hapa kwanza, omera. Huu ni mzito."

Khaemba akaupokea mlango kwa mikono miwili, uzito wake wote ukamjia kifuani, na kabla hajaambiwa auachie, akaanza kusema.