Kimashine

Mkaguzi wa usalama aliingia kiwanda cha kufuma vitambaa akiwa na fomu kumi na mbili na Kiswahili kilichopigwa pasi mpaka kwenye kola. Kwake kila usemi ulikuwa na droo yake: lugha rasmi, lugha ya mazungumzo, lahaja, misimu. Wafumaji nao walikuwa na droo zao, ila vibandiko vyao vilikuwa vya kihuni kidogo: Kiswahili cha tai, maneno ya kijiweni, sauti ya kubembelezea mkwe. Na mle ukumbini, penye mashine themanini zinazogonga kama mvua ya mawe juu ya bati, walikuwa na kimashine. Hicho husemwa kwa mikono, maana masikio humo hayana kazi.

"Hizo ni ishara holela," mkaguzi alisema ofisini, mlango ukiwa umefungwa. "Mama, kanuni mpya iko wazi. Asiyepokea maelekezo kwa lugha kamili hakai karibu na mashine. Yule fundi kiziwi namwondoa leo."

Mama huyo ndiye msimamizi wa ukumbi, na fundi ni shemeji yake, baba wa watoto watatu. Miaka kumi na moja kazini, hajakwaruzwa hata ukucha. Wenzake walimwita Sumaku, kwa vile macho yake hayaachi kitu kipite.

"Lugha kamili ndiyo ipi, mwanangu?"

"Inayosema lolote, si 'washa' na 'zima' tu. Tena iwe na adabu zake: ya heshima mbali, ya utani mbali."

"Haya, andika lolote lisilohusu mashine. Mimi nimpelekee kwa mikono, yeye akuandikie. Akikosea, mchukue."

Mkaguzi akatabasamu kama mtu aliyeona majibu kabla ya mtihani. Akatafuta neno lisiloshikika kwa vidole, akaandika, akakunja karatasi, akampa. Kisha akaenda kusimama na Sumaku mwisho kabisa wa ukumbi.

Kule mlangoni, kwanza msimamizi alicheza mkono mmoja tu, chini kiunoni, na safu nzima ya akina mama ikaangua kicheko huku ikitazama suruali ya mkaguzi. Ndipo akafungua karatasi.

Mkono ukashuka. Akasimama wima, akainua mikono yote miwili hadi kifuani, akaanza kusema polepole. Kicheko kikakatika safu kwa safu. Vichwa vikainama. Mkaguzi hakujua hata neno moja la kimashine, lakini nywele zilimsimama: huo mkono mmoja ulikuwa kijiwe, na hiyo miwili ilikuwa heshima. Hakuna aliyemfundisha. Ilionekana tu, kama jua linavyoonekana.

Sumaku akachukua kalamu. *Baba wa mgeni, aliyetangulia, alikuwa akiimba kila anaponyoa ndevu. Siku alipoacha kuimba, nyumba ikajua anaumwa.*

Ndiyo hasa aliyoyaandika mkaguzi. Chini yake Sumaku akaongeza: *Pole sana. Alikuwa akiimba nini?*

Miaka sita tangu msiba watu wamempa pole, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Mkaguzi akainua macho. Kimashine hakina mnong'ono. Ukumbi mzima ulikuwa umeshapata habari, na ukumbi mzima ulikuwa ukingoja jibu.

Msimamizi alikuwa amefika. Akamtegea sikio hadi karibu na mdomo.

"Mbuzi," mkaguzi alipiga kelele. "Wimbo wa mbuzi aliyekataa kupanda ngazi!"

"Imba basi!"

Akaimba. Sauti yake mwenyewe hakuisikia. Lakini mikono ya msimamizi iliubeba wimbo, Sumaku akaupokea, na kutoka kwake ukaenda safu kwa safu: kila mfumaji na mbuzi wake, huyu mkaidi, yule mwenye maringo, mwingine anajikwaa. Mkaguzi aliutazama wimbo wa baba yake ukivuka ukumbi mzima bila sauti, bila kudondosha hata ubeti mmoja.

Akaweka fomu juu ya robota la vitambaa. Penye "lugha ya kazini" akaandika: *Kimashine.* Penye "kiwango": *Kamili.* Penye "uamuzi" palitakiwa maneno ya kikanuni, na aliyajua yote kwa moyo. Akaandika: *Huyu asiguswe na mtu.*