Mita Mia Mbili za Kutembea

Katika kambi yetu ya jeshi, kati ya Rumonge na Gatete, ukitaka kukimbia lazima shati liwe ndani ya kaptula, lazima umsalimu mlinzi kila mzunguko, na ukifika upande wa ziwa lazima utembee mita mia mbili zote za seng'enge. Shati na salamu nilivivumilia. Hilo la kutembea lilinitia wazimu.

Ijumaa iliyokuwa ikija, saa kumi na mbili asubuhi, saa yetu ya kukimbia, tulikuwa na jaribio: kilomita nane, mizunguko minne, dakika arobaini na mbili. Atakayefaulu anakwenda Bujumbura kusomea uuguzi, na mimi, Kaplo Anita, sikutaka kitu kingine duniani. Nilikuwa nikimaliza kwa arobaini na sita, na karibu tano kati ya hizo ziliniponyoka pale nikitembea kama bibi harusi.

Nikaanza kuuliza kwa nini. Radjabu wa jikoni aliapa kwamba chini ya mchanga kuna bomba la maji. Mlinzi akasema zamani kanali fulani aliamshwa na vishindo. Kila mtu alikuwa na sababu yake, ila hakuna aliyewahi kuliona bomba wala kanali. Nami jambo likishanikaa kichwani, situlii mpaka nilijue.

Nikamwendea Ajida Anselmo, msimamizi wa mazoezi.

"Ajida, hii sheria iko ya nini?"

"Iko sheria."

"Nani aliiweka?"

"Mimi niliikuta. Faili iko pale. Soma, lakini usiniharibie makaratasi."

Faili lilinuka panya. Nilipekua huku nikimtukana kimoyomoyo mpumbavu aliyebuni upuuzi ule. Chini kabisa nikakuta barua ya mwaka 2012: "Sisi akina mama wa ndagala tunaomba askari wasikimbie kando ya seng'enge, kwa sababu vumbi linaingia katika dagaa wetu tunaowaanika mchangani." Kisha alama ya kidole gumba, na chini yake: Imeandikwa na Anita, darasa la sita.

Nilikaa kitako. Mwaka ule tulikuwa tumerudi karibuni kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na mimi ndiye niliyewaandikia barua akina mama wote wa ufukweni, tena kwa maringo. Mpumbavu alikuwa mimi.

Jioni nikamkuta mama yangu ufukweni akikusanya ndagala zake.

"Mama, ile barua ya vumbi, ulinituma niandike nini?"

"Nilisema wasikimbie saa ya jua, ndagala zikiwa chini. Wewe uliandika nini?"

"Sikuandika saa."

"Ee! Saa kumi na mbili asubuhi ndagala zangu ziko bado mu mitumbwi! Miaka yote naona maaskari wanatembea hapo mu mchanga mutupu, nikasema labda wako wagonjwa!"

Akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Nikaandika barua mpya: askari watembee pale tu ndagala zinapokuwa chini. Mama akaweka kidole. Ajida akaisoma mara mbili, akagonga muhuri.

"Zikiwa chini, unatembea. Hata Ijumaa. Umeandika mwenyewe."

Ijumaa mitumbwi ilirudi mapema kuliko kawaida. Mizunguko mitatu nilipita pale nikikimbia, mchanga ukiwa mtupu; wa nne nilipokata kona ya ziwa, akina mama walikuwa wameshafika mchangani, mabeseni kichwani. Ajida alisimama kwenye seng'enge na saa yake mkononi. Dakika thelathini na sita zilikuwa zimekwisha.

Mama alikuwa wa kwanza. Beseni limejaa pomoni, maji ya samaki yanamchuruzika shingoni. Hakulitua. Wenzake wakamtazama, nao wakabaki wamesimama.

"Ajida," akaita, "ndagala ziko chini?"

Ajida akatazama mchanga, akatazama vichwa. "Haziko chini."

"Basi kimbia, mutoto wangu! Shingo inaniuma!"

Nikakimbia. Nilipoimaliza seng'enge ndipo nikasikia mabeseni yakituliwa nyuma yangu. Nilifaulu kwa sekunde ishirini. Kutembea kungenilia sabini.