Mstari Ulionyooka

...fumua, anasema Bibi, kidole chake kipo palepale kwenye mstari wa mafundo meupe, fumua Yamina, huoni mstari umetuna kama nundu ya ngamia, nami mkasi ninao mkononi na mstari umenyooka, umenyooka kabisa, jana nililaza juu yake rula yangu ya shule na haukuacha upenyo, lakini tangu baridi ianze nafumua zulia hili nikiamini mkono wangu ndio mbovu, naye Bibi akicheka, mkono gani huu, mbuzi angefuma vizuri zaidi, na jirani yetu Saluha akidakia mlangoni, basi mwachie mbuzi kazi, Bi Mabruka, huyu muoze... kumbe ni jicho lake, tulidhani limefifia tu. Daktari kule mjini Susa alituonyesha picha, mimi na mama, Bibi tumemwacha kwenye benchi nje, akasema ni uzee, nyuma ya jicho, pale katikati panapotumika kusoma na kutambua sura, taka za jicho lenyewe zimejikusanya miaka mingi bila kufagiwa, vidoa vya njano, kisha vikaota vishipa dhaifu, vikavuja, utando ukavimba, na ukivimba kila kilichonyooka kinaonekana kimepinda, sindano zingesaidia mapema, sasa pameshakuwa kovu, pembeni ataendelea kuona, katikati hapatarudi, na mama njiani akasema usimwambie, akijua ataacha kufuma, akiacha kufuma atakufa, ni rahisi kwa mama, si yeye aliyetolewa shule ili awe macho ya mtu asiyeyaamini...

“Umelala, binti?”

Sijalala, Bibi, namjibu.

“Basi kata, chai inapoa.”

Nitasema, sasa hivi nasema, Bibi, mstari umenyooka, jicho lako ndilo... ananigeukia, hapana, anatazama birika lililo kando yangu, siku zote nilidhani ni hasira, kwamba hataki hata kuniangalia, kumbe ananitafuta kwa pembe ya jicho, akinielekea usoni mimi sipo, pana doa tu...

“Usilie, mwanangu, mafundo machache tu hayo.”

Ameuona mkono wangu ukipangusa machozi, akiwa ametazama birika, na kidole hakijatoka mstarini, na mkasi bado uko wazi, na sasa najua mkono wangu ni mzuri, umekuwa mzuri muda wote huu, na mtu pekee niliyetaka auone uzuri huo hatauona kamwe...