Alama Thelathini za Kugawana

Muhsin alitukaribisha kwa dada yake, mtaa wa Manundu, tukala wali na maharage ya nazi kwenye sinia moja. Nikajua hapa kuna jambo. Muhsin ndiye kiongozi wa kundi letu la bustani pale chuo cha kilimo, na hajawahi kumnunulia mtu hata pipi.

Tulipokwisha kunawa akalitoa. Mwalimu Edna alikuwa amempa kila mmoja wetu alama thelathini za kuwagawia wenzake watatu, kwa kadiri walivyofanya kazi, na zote lazima ziishe. Shauri la Muhsin ni tupeane kumi kumi, tusiangushane. Godfrey akaitikia huku anachokonoa meno. Raheli, binti wa Mpale mwenye haya za kwao milimani, akaitazama mikono yake, akasema sawa.

Mikono yenyewe ilikuwa na malengelenge. Nyanya za bustani yetu ni yeye aliyezibebea maji kila alfajiri. Tena malaria ilimkosesha mtihani, na asipopandishwa na alama za wenzake, anarudi nyumbani Mpale na mwaka umepotea. Kumi kumi zisingempandisha, na Muhsin alijua. Yeye mwenyewe alifika bustanini siku ya kupiga picha tu, na hata siku hiyo akasimama kwenye bilinganya za kundi jingine.

"Mimi simo," nikasema.

"Mashavu, tumekula sinia moja," Muhsin akaniambia.

"Kwetu Mkata tukilimiana, kila mtu ana ngwe yake. Aliyeiacha na majani anaambiwa palepale kwenye chakula, tonge likiwa mkononi, kisha anaongezewa mchuzi. Kula hakung'oi majani, kaka."

Akatabasamu, akanikumbusha kwamba naye anazo thelathini zake, na mimi nitaambulia sifuri. Nikacheka. Kabla ya chuo nimeuza mihogo ya kuchemsha barabarani, nimetukanwa na makondakta wa kila basi liendalo Arusha. Sifuri ya Muhsin ni salamu.

"Nipe," nikamwambia. "Ila unipe nikikuangalia."

Kesho yake nikaenda ofisini kwa Mwalimu Edna, nikamwamkia, nikamwomba tutaje alama zetu kwa mdomo, wote wanne tukiwepo. Akasema utaratibu ni siri. Nikamjibu kwamba siri hiyo imeshaliwa pamoja na wali. Akanitazama, akaweka kalamu chini, akaagiza wenzangu waitwe.

Nikaanza mimi. Raheli kumi na nane, za maji, mbolea na kuzifungia nyanya miti. Godfrey kumi, maana alijenga uzio na kuandika ripoti. Muhsin mbili.

"Mbili za nini?" Mwalimu akauliza.

"Za maharage, mwalimu. Yalikuwa matamu."

Muhsin akatimiza ahadi: mimi sifuri. Mwalimu akamkumbusha kwamba thelathini lazima ziishe. Kwa hasira akawamwagia Raheli na Godfrey kumi na tano kila mmoja, na hakujua amefanya nini mpaka maneno yalipokwisha kutoka. Godfrey, macho dirishani, akampa Raheli kumi na nne bila kuombwa, na mimi na Muhsin nane nane. Mwalimu akapiga hesabu yake kimyakimya, akamwambia Raheli kwamba mwaka ujao atamwona darasani.

Mimi nilishuka. Sikuzama, lakini nilishuka, na Muhsin alihakikisha ninaona anavyofurahi.

Akabaki Raheli. Akaitazama tena mikono yake, nikadhani atarudi kwenye kumi kumi za Muhsin. Kisha akainua uso.

"Muhsin nne. Godfrey kumi na tatu. Mashavu kumi na tatu." Akameza mate. "Angepata zaidi, ila palizi ya pili hakuja."

Nikamwambia siku ile nilikuwa naumwa jino.

"Unapalilia kwa jino?" akauliza Raheli.

Mwalimu akaandika kumi na tatu.